Foleni ya kwa daktari wa watoto: Tungoje au tuhame?

KUTOKA Buruburu hadi Hurlingham ni kilomita 10 hivi, lakini mzazi aliyempakata mtoto mwenye homa hahesabu kilomita. Huhesabu saa. Nami, msomaji, saa hizo nimezihesabu kwa karibu miaka mitatu, tangu binti yetu alipozaliwa. Leo ningependa tusafiri pamoja, nikuonyeshe njia hiyo na kinachotungoja mwisho wake. Huenda nawe una njia yako kama hii. Huenda nawe umewahi kuketi kwenye benchi, mtoto akilia mapajani, ukaapa kimoyomoyo kwamba huyu daktari hakuoni tena.

Tuondoke nyumbani saa kumi na mbili unusu asubuhi. Ni Jumatatu ya mwezi wa Julai, majira ambayo jiji la Nairobi hujifunika wingu zito na watoto hukohoa mtaa mzima. Barabara ya Jogoo tayari imejaa. Matatu inajikokota hadi City Stadium, inapita Muthurwa ambako akina mama wanapanga nyanya na sukumawiki, kisha inatumwaga mjini. Manamba akiona umebeba mtoto aliyefungwa shali hadi puani, hata yeye hupunguza makelele. "Mama mtoto, shuka polepole," huniambia, na kunishikia mkoba.

Gari la pili hutupitisha chini ya ile barabara ya juu, Expressway, iliyofunguliwa mwaka wa 2022. Tunaiacha Uhuru Park upande wa kushoto, tunapanda mlima wa Valley Road, na mara tumo katika barabara ya Argwings Kodhek. Jina hilo ni la wakili aliyekuwa Waziri wa Mashauri ya Kigeni, ambaye alifariki mnamo Januari 1969 kwa kile kilichoelezwa kuwa ajali ya gari katika barabara hii hii. Siku hizi, wengi wanaopita hapa alfajiri wanatafuta tiba. Nairobi Hospital iko hapa. Pembeni na mbele yake kuna majengo ya ghorofa yaliyojaa vibao: daktari wa macho, wa meno, wa moyo, wa watoto.

Umewahi kujiuliza kwa nini wengi wao wamekusanyika upande huu wa jiji? Nairobi Hospital ilifunguliwa mwaka wa 1954 ikiitwa European Hospital. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, iliyo karibu tu na hapa, ilianza mwaka wa 1901 ikiitwa Native Civil Hospital. Enzi hizo hata kitanda cha mgonjwa kilikuwa na rangi ya mwenyewe. Mitaa ya mashariki ilijengewa Waafrika waliotakiwa kufanya kazi, na mitaa ya magharibi ikawa ya mabwana. Ukoloni ulikwisha, lakini ramani ikabaki. Ndiyo maana mzazi wa Buruburu, Kayole au Umoja huvuka jiji zima kumfuata daktari bingwa.

Na akifika, hungoja.

Katika ghorofa ya tatu

Kliniki yetu iko ghorofa ya tatu. Ni mahali pasafi. Kuna tangi la kioo lenye samaki wa rangi ya chungwa, runinga inayoonyesha katuni bila sauti, na kigari cha plastiki kilichopoteza gurudumu moja. Karani wa mapokezi hukupa kadi ya plastiki yenye nambari. Ukifika saa mbili kamili huwakuta wazazi kumi mbele yako, nao pia waliambiwa kwa simu wafike saa mbili kamili. Daktari mwenyewe huingia saa tatu unusu.

Jumatatu hiyo nambari yangu ilikuwa 12. Saa tano unusu daktari alikuwa na nambari 11. Homa ya binti yangu ilikuwa imeshuka kwa dawa niliyompa nyumbani, naye alikuwa amesimama kwenye tangi akiwapa samaki majina. Hasira zangu, msomaji, ndizo zilizokuwa zimepanda. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno ya kumwambia daktari, mazito na ya heshima, ya kumwaga kwaheri.

Kando yangu alikuwa ameketi nyanya mmoja aliyekuja kutoka Kayole na mjukuu wake wa miezi minane. Kadi yao ilikuwa nambari 19. Mtoto alikuwa ametulia tuli, nami kwa ujinga wangu nikawa namwonea wivu kwa kupata mtoto mtulivu. Ghafla nyanya akanigusa bega.

"Mama, hebu nitazamie huyu. Tumbo linapanda na kushuka hivi tangu usiku, na sasa amekataa chupa."

Nikamfunua shuka. Chini ya mbavu, kifua kilikuwa kinabonyea ndani kila alipovuta pumzi. Niliwahi kuandika makala kuhusu nimonia, na nikakumbuka jambo moja tu: hesabu pumzi kwa dakika nzima. Nikatazama saa ya mkononi. Zilikuwa 62.

Nyanya akaenda kwa karani. "Nyanya, keti tu," akajibiwa kwa upole. "Nyinyi ni nambari 19." Baba mmoja aliyevaa suti akasema kwa sauti ya kutosha kusikika na wote, "Sote tuna wagonjwa hapa."

Nikiri, msomaji, kwamba nilisita. Nilikuwa nimengoja saa tatu unusu. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya nusu siku kazini na nusu siku ilikuwa inakwisha. Mlango ulipofunguliwa na nambari 12 ikaitwa, nilisimama na kadi yangu mkononi. Kisha nikamtia nyanya kadi hiyo mkononi na kumsukuma aingie.

Dakika mbili baadaye muuguzi alitoka mbio akitafuta mtungi wa oksijeni. Robo saa haikupita, daktari mwenyewe akatoka akiwa amembeba yule mtoto, muuguzi kando yake na nyanya nyuma yao, wakashuka kwenda hospitali ya karibu. Chumba chote kilinyamaza. Baba wa suti alinyanyuka, akachukua leso iliyoanguka sakafuni, akaikunja vizuri na kuiweka kitini.

Mtoto alikuwa na nimonia kali. Alilazwa siku sita na akapona. Nyanya mwenyewe alinipigia simu kuniambia. Lakini usiku ule sikulala. Mbele ya macho yetu sote mtoto alikuwa anazama, na uhai wake ukategemea kadi ya plastiki na jirani aliyeketi kando kwa bahati.

Subira ipi?

Wahenga wetu walituachia methali mbili zinazovutana. Walisema subira huvuta heri. Walisema pia chelewa chelewa utampata mwana si wako. Mzazi aliye kwenye benchi afuate ipi?

Tangu siku hiyo nimejifunza kuuliza kungoja kwenyewe kumetokana na nini. Kuna kungoja kunakotokana na daktari kuwa kazini. Asubuhi, madaktari wengi wa watoto huanza kwa kuwapitia wagonjwa waliolazwa wodini ndipo waje kliniki. Mtoto mmoja akizidiwa, ratiba yote huvurugika. Kuna foleni za Jumatatu, kwa sababu magonjwa ya Jumamosi na Jumapili yote hukutana hapo. Kuna msimu wa baridi. Kuna na bima, ambapo karani husubiri kibali kutoka kwa kampuni kabla ya kukuruhusu uingie. Haya yanaudhi, lakini yanaeleweka.

Kungoja kwa aina ya pili hutokana na mpango mbaya. Wazazi 20 huambiwa wafike saa moja, ingawa karani anajua vyema kwamba daktari hawezi kuwaona wote. Hakuna anayekuambia daktari amechelewa, ingawa simu iko mezani. Hapo wakati wako umefanywa kuwa wa bure.

Na kungoja kwa aina ya tatu ni hatari. Ni pale ambapo hakuna mtu anayewatazama watoto wanapoingia. Hospitalini, muuguzi hupaswa kuwapima kwanza: nani anapumua kwa shida, nani amelegea, nani anaweza kungoja. Aliyezidiwa hupita mbele. Foleni ya nambari pekee inafaa benki. Kwa watoto wagonjwa, haifai.

Nilitafuta kwingine

Niliporudi nyumbani mume wangu alisema neno moja: "Tuhame." Basi kwa wiki tatu nikawa msafiri ndani ya jiji langu mwenyewe.

Kwanza nilikwenda karibu, katika kituo cha afya cha kaunti ambacho kwa miaka mitatu nilikuwa nakipita nikikimbilia matatu ya mjini. Naona haya kusema kwamba sikuwahi kuingia. Kuna mabenchi ya mbao chini ya paa la mabati, na foleni ndefu, tena ndefu sana. Lakini muuguzi mmoja alikuwa akitembea kutoka mwanzo hadi mwisho wa foleni, akiwagusa watoto paji la uso na kuwauliza mama zao maswali. Wawili aliwatoa katikati akawapeleka ndani. Hakuna aliyenung'unika. Chanjo za serikali hutolewa hapo bila malipo, kwa ratiba ile ile: anapozaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha ya surua na rubela akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Nilikuwa nikivuka jiji na kulipa ada ya daktari bingwa kwa sindano inayopatikana hatua chache kutoka mlangoni pangu.

Kisha nikaenda Muthaiga, kwenye hospitali ya watoto ya Gertrude's. Hospitali hiyo ilianzishwa mwaka wa 1947 kwenye ardhi iliyotolewa na mlowezi Ewart Grogan kwa kumkumbuka mkewe, Gertrude. Ina matawi kadhaa mitaani, na mjini hapa ni mojawapo ya mahali ambapo mzazi anaweza kumpeleka mtoto usiku wa manane. Uzuri wa hospitali kubwa ni kwamba haitegemei mtu mmoja. Ila kwa sababu hiyo hiyo, mara nyingi daktari unayempata ni yule wa zamu. Leo utamsimulia huyu historia ya mtoto, na mwezi ujao umsimulie mwingine.

Mwisho niliingia kwenye kliniki ndogo mtaani, juu ya duka la nguo. Anayehudumu ni afisa wa kliniki, kijana mpole. Hakukuwa na foleni. Nilimweleza historia ya mtoto wangu, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema jambo lililonifanya nimheshimu: "Mama, mafua na kuhara nitamtibu. Lakini kwa hilo la moyo, usimwache daktari wako."

Hilo la moyo

Sikuwa nimekwambia, msomaji. Binti yangu alipokuwa na wiki sita tulikwenda Hurlingham kwa uchunguzi wa kawaida. Mtoto alikuwa ananyonya vizuri na uzito unapanda. Daktari akaweka kipimo chake kifuani mwa mtoto, akasikiliza. Akakihamisha, akasikiliza tena. Akafunga dirisha ili kelele za magari zisiingie, akasikiliza kwa mara ya tatu, kwa muda mrefu kiasi kwamba nilianza kutoka jasho. Akatuandikia barua ya kwenda kupigwa picha ya moyo. Kulikuwa na tundu dogo katika ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya moyo.

Matundu madogo ya aina hiyo mara nyingi hujiziba yenyewe mtoto anapokua, na la binti yangu limekuwa likipungua. Lakini linahitaji jicho. Daktari huyo ndiye amekuwa jicho letu.

Siku ile alipokuwa akisikiliza kwa mara ya tatu, wazazi wangapi walikuwa nje kwenye mabenchi wakitazama saa zao na kumlaani? Polepole yake iliyonikera Jumatatu ya Julai ndiyo iliyosikia sauti katika moyo wa mwanangu. Nikimtaka daktari asiyeharakisha ninapokuwa ndani, siwezi kumtaka aharakishe ninapokuwa nje.

Lakini polepole ya daktari haimpi karani ruhusa ya kumweka mtoto anayezama kwenye nambari 19.

Nilirudi kusema

Basi nilirudi, na safari hii sikwenda na mgonjwa. Nilipiga simu nikaomba dakika tano za mwisho wa siku. Nilimweleza daktari yote: kadi, saa mbili kamili, nyanya, pumzi 62. Alivua miwani. "Mimi hufika hapa kutoka wodini," akasema, "nakuta chumba kimejaa, naanza kazi. Sijawahi kuuliza wameingiaje." Hakujitetea zaidi ya hapo. Kumbe wazazi wengi walikuwa wamehama kwake kimyakimya, na hakuna hata mmoja aliyemwambia sababu.

Siku hizi muuguzi hukaa pale mapokezini kila asubuhi na kumtazama kila mtoto anayeingia. Aliyezidiwa hapewi nambari. Lakini sitakudanganya, msomaji: bado tunaambiwa tufike saa mbili, na bado daktari huingia saa tatu unusu.

Uamuzi wetu nyumbani ulikuwa kuugawa mzigo. Chanjo na kupima uzito ni kituo cha afya cha mtaani. Mafua, vipele na kuhara kidogo ni yule kijana wa juu ya duka la nguo. Usiku wa dharura tunajua hospitali ya karibu na namna ya kufika, na nambari ya dereva wa teksi imebandikwa mlangoni. Hurlingham tunakwenda mara mbili kwa mwaka, kwa ajili ya moyo. Safari ambazo zilikuwa 14 kwa mwaka sasa ni mbili, na mbili naweza kuzingoja.

Ukiwa nawe unapima

Huenda hali yako si kama yangu, na kwako kuhama ndiyo jibu. Kabla hujaamua, pima haya.

Uliza anayetangulizwa ni nani. Ukiambiwa "ni nambari tu", anza kutafuta kwingine. Uliza pia nani hupokea simu usiku, na kama bima yako inakubaliwa, iwe ya kampuni au ya SHA iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka wa 2024.

Piga simu kabla ya kutoka nyumbani, uulize kama daktari amefika. Kama si dharura, epuka Jumatatu. Omba nafasi ya kwanza asubuhi au ya kwanza baada ya chakula cha mchana. Beba uji, nepi za ziada, na maswali yako yakiwa yameandikwa, maana mlango ukifunguliwa baada ya saa tatu hata jina la mtoto huweza kukutoroka.

Ukihama, hama kwa heshima. Omba barua yenye muhtasari wa matibabu pamoja na matokeo ya vipimo, na usipoteze kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Huko uendako, hakikisha kwamba daktari na kliniki yake wamesajiliwa na baraza la madaktari, KMPDC. Orodha yao iko wazi kwa umma.

Na zaidi ya yote, kuna dalili ambazo hazina foleni. Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipatwa na degedege, au akilegea asiamke, nyanyuka uende hadi mlangoni. Hesabu pumzi akiwa ametulia: 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi hadi afikishe mwaka, na 40 au zaidi hadi miaka mitano, ni za haraka mno. Kifua kikibonyea ndani, usingoje kuitwa. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 43, inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Huhitaji kuikariri mbele ya karani. Inatosha kusema kwa sauti, "Mtoto huyu hapumui vizuri," na kukataa kuketi.

Wiki iliyopita tulikuwa Hurlingham tena. Tulingoja saa mbili na nusu. Tangi la samaki lipo, kigari kimepoteza gurudumu la pili. Binti yangu alikwenda moja kwa moja kuwaamkia samaki wake. Mimi, kabla sijaketi, nilitembea polepole hadi mwisho wa chumba, nikijifanya natafuta mahali, nikitazama vifua vya watoto wengine.